Miezi Ambayo Gari Halikuchaji

Kila Jumanne na Ijumaa, saa moja asubuhi, nilishuka ngazi za ghorofa yetu pale Upanga nikiwa peke yangu, kwenda kulijaribu gari. Mume wangu nilimwacha juu, amekaa kwenye kiti cha mbao karibu na mlango, ameshavaa, viatu nimeshamfunga, fimbo ameilaza magotini. Sikutaka kumteremsha mpaka nijue kama gari litawaka. Kumteremsha kulituchukua robo saa, kumpandisha ilikuwa zaidi, na kama gari lingekataa tungekuwa tumejichosha bure kabla hata siku haijaanza.

Basi naingia, nazungusha ufunguo, nasikiliza. Siku chache liliwaka. Siku nyingi lilitoa mlio mmoja mdogo tu, tk, halafu kimya.

Hapo nilikwenda kugonga kwa jirani wa chini, mzee wa Kihindi aliyefiwa na mkewe miaka mingi nyuma. Alikuwa hasubiri nieleze. Akifungua mlango, nyaya za kubusti tayari ziko mkononi, shati limepigwa pasi.

"Leo tena, mama?"

"Leo tena."

Analeta gari lake pua kwa pua na letu, tunaunganisha betri kwa betri, gari letu linaazima nguvu na kuwaka. Hakuwahi kununa. Lakini hilo "leo tena" lake, hata kama alilisema kwa upole, lilinichosha kuliko ngazi.

Lilikuwa gari la zamani kweli, saluni nyeupe ya Kifaransa ambayo mume wangu aliinunua kabla hatujapata mtoto wa kwanza. Watoto wote watatu niliwaleta nyumbani kutoka wodi ya wazazi nikiwa kwenye kiti chake cha nyuma. Kila Desemba lilitupeleka kwao Kilimanjaro, migomba ya mbegu kwenye buti tukirudi. Vijana wa mtaani walikuwa wakilipiga picha. Watu wa magari ya zamani walisimama mara mbili tatu kumuuliza mume wangu kama anauza, naye aliwajibu kwa kucheka tu. Alilitengeneza mwenyewe. Alikuwa msimamizi wa maghala mpaka anastaafu, hajasomea ufundi, lakini Jumamosi yake nzima ilikwisha chini ya boneti. Mimi nilijua kuliendesha, basi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nilijua chaki.

Mwezi wa nne, masika yamekolea, akaanguka bafuni. Kiharusi. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vikalala, na maneno yakamwondoka. Alibaki na matatu: "hapana", "chai" na "taa". Muuguzi alinieleza kwamba wagonjwa wa namna hii hushika neno moja wakalitumia kwa kila kitu, nisihangaike nalo sana, maneno mengine yangerudi kidogo kidogo. Na kweli, akitaka kijiko alisema "taa". Akitaka nizime redio, "taa". Ajabu ni kwamba kanisani, wimbo ukianza, aliimba beti zote bila kukosea, halafu tukitoka nje hawezi kuniomba maji. Mara ya kwanza niliposikia anaimba nilidhani amepona. Nilimgeukia nikamwita. Akanitazama, akafungua mdomo, akasema, "Taa."

Madaktari walitaka awe kwenye mazoezi ya viungo mara mbili kwa wiki. Kutoka kwetu hadi hospitali si mbali. Mtu mzima wa miguu anatembea. Ila yeye hakuweza kutembea, na bajaji ilimshinda. Tulijaribu. Mguu ule mzito haukupanda, akateleza, akakaa chini kwenye vumbi mbele ya watu, na uso wake siku ile sitaki kuukumbuka. Teksi za kuita kwa simu, dereva akifika akaona fimbo na shughuli ya kumpakia, anasema ana abiria mwingine. Gari letu mlango wake ulifunguka wazi na kiti chake kilikuwa chini, kipana. Nilimgeuza mgongo, akakaa, nikamwingizia miguu mmoja mmoja. Hakuna chombo kingine kilichompokea namna ile.

Binti yetu anakaa Mwanza. Alinipigia kila Jumapili.

"Shikamoo mama. Gari vipi?"

"Marahaba. Halichaji."

"Mama, hilo gari uza. Mnateseka."

"Nitaliuza nimbebe baba yako mgongoni?"

Sikuwa na haki ya kumjibu hivyo, yeye alikuwa anahangaika na watoto wake. Uchovu ulikuwa unanisemea.

Kwanza nilinunua betri mpya, kama ambavyo kila mtu angefanya. Wiki mbili raha mustarehe. Wiki ya tatu, tk. Nikaambiwa betri haina kosa, kosa ni kwamba hairudishiwi umeme inaotoa. Nikaelekezwa kwa fundi umeme wa magari upande wa Msimbazi, chini ya kibanda cha mabati kilichobanana kati ya duka la matairi na mama lishe.

Fundi alikuwa mtu wa Mtwara, wa miaka arobaini na kitu, kofia ya kufuma kichwani, mpole, na mwenye tabia ya kusema peke yake akifanya kazi. Siku ya kwanza alichungulia dirishani kwanza, kabla ya kunisikiliza.

"Shikamoo mzee."

Mume wangu akainua mkono wa kushoto.

"Mzee amepata kiharusi, haongei," nikasema.

"Si kitu. Ameitikia," fundi akajibu, ndipo akafungua boneti.

Alinieleza mambo ambayo nilikuwa nimeishi nayo miaka karibu arobaini bila kuyajua. Kwamba betri kazi yake ni kuwasha tu. Gari likishawaka, kuna kifaa kinaitwa altaneta, kinazungushwa na mkanda wa injini, nacho ndicho kinatengeneza umeme wa kuendesha kila kitu na kuijaza betri tena. "Altaneta ikigoma, mama, unakula akiba. Unatembea na betri mpaka iishe." Akanipa mita yake ndogo yenye waya mbili, nyekundu na nyeusi, akanionyesha pa kugusa. Gari likiwa limezimwa, betri nzima inasoma volti kumi na mbili na nusu hivi. Likiwaka, lazima namba ipande, ifike kumi na tatu na nusu, kumi na nne. Ikibaki palepale au ikishuka, halichaji.

Nilinunua mita yangu. Nikaanza kuandika namba kwenye daftari la mazoezi, tarehe, saa, limezimwa, limewaka. Ilikuwa ni mazoea ya ualimu. Na labda nilitaka kitu kimoja maishani mwangu wakati ule ambacho kingesemwa kwa namba, kwa sababu kule hospitali nikiuliza "ataongea lini?" walijibu "tuendelee kuomba."

Fundi alianza mwanzo. Alisafisha vichwa vya betri vilivyoota ukungu wa kijani. Akafungua waya wa ethi, ule unaounganisha betri na bodi ya gari, akausugua kwa msasa mpaka ukang'aa. Akawasha gari, akakanyaga mafuta, injini ikapiga kelele, akanionyesha mita: kumi na nne. "Umepona huo," akasema. Niliondoka nimefurahi. Ijumaa, tk.

Nikarudi. Akabadilisha mkanda, akasema wa zamani ulikuwa umelegea na unateleza. Akawasha, akakanyaga mafuta, kumi na nne. Jumanne, tk.

Nikarudi. Akaishusha altaneta yenyewe, akaifungua juu ya gunia, akanionyesha vile vijiti viwili vya kaboni vinavyosugua ndani, vimeisha vimekuwa kama meno ya mzee. Akaweka vipya. Akakanyaga mafuta, kumi na nne. Safari hii hakusema umepona. Alisema, "Tuone."

Mume wangu alikuwepo siku zote hizo, kwa sababu nilipitia kwa fundi tukitoka mazoezini. Alikaa kwenye kiti chake cha mbele na kutazama. Mara nyingi aligonga dashibodi kwa kidole cha kushoto, akasema "taa". Nami nilijua anasema nini, au nilidhani najua. Nilidhani ananikumbusha taa za mbele, kwamba zikiachwa zinamaliza betri. Nilizunguka mbele nikatazama.

"Zimezimwa, baba. Zote zimezimwa."

"Taa."

"Nimekusikia. Zimezimwa."

"Hapana," akasema, akageuza uso upande wa dirisha. Nikaona ni ukaidi wa ugonjwa. Nyumbani nilikuwa nasikia neno lile mara mia kwa siku, kwa kijiko, kwa mto, kwa nzi. Kufika mchana masikio yangu yalikuwa yameshafunga.

Siku mbaya kuliko zote ilikuwa pale Mnazi Mmoja. Kulikuwa na mkusanyiko uwanjani, spika zinapiga, barabara imejaa watu wanaovuka kwenda na kutoka Kariakoo, magari hayasogei. Joto la mwezi wa kumi na mbili. Tulikuwa kwenye foleni muda mrefu, injini ikinguruma taratibu, feni inazunguka, nami nikaona mshale wa geji unazama na honi imekuwa na sauti ya mbuzi. Injini ikazima. Nikazungusha ufunguo, hata tk haikutoka.

Nyuma honi zikaanza. Dereva mmoja akapita akaniambia, "Mama, hilo peleka makumbusho." Niliweka mikono kwenye usukani nikakaa tu. Sikulia. Nilihesabu shughuli zilizokuwa zikinisubiri: chakula chake, dawa ya saa saba, kumgeuza, kufua mashuka, nikaona sina hata nguvu za kufungua mlango. Mume wangu alinyoosha mkono wake mzima, akaushika wangu. Tukakaa hivyo kwenye kelele zile.

Wanaume wanne waliokuwa wanatoka kwenye mkutano, wamevaa fulana zinazofanana, wakaja wenyewe.

"Mama, weka gia ya pili. Tukisema achia, achia klachi."

Wakasukuma. Gari likashtuka, likakohoa, likawaka. Mmoja akapiga paa mara mbili, akatupungia, wakarudi walikotoka. Nililiendesha mpaka nyumbani bila kuthubutu kulizima, na nilipofika nikaliacha linanguruma chini nikiwa nampandisha ngazi, nikashuka tena, nikalizima. Lilikuwa limenishinda. Usiku ule nilimwambia binti yangu kwenye simu kwamba labda ana haki, tutauza.

Wiki iliyofuata ukatokea msiba wa ndugu wa mume wangu kule Kibaha. Nilitaka kwenda peke yangu. Alipoona navaa kitenge na kujifunga leso, akaanza kuhangaika kuinuka kitini, "hapana, hapana," mpaka nikaelewa kwamba anataka kuzika. Jirani akatubusti, tukaondoka alfajiri kabla ya foleni. Barabara ilikuwa nyeupe. Kwa mara ya kwanza tangu aumwe nilikwenda mwendo, dirisha limefunguliwa, na yeye amefumba macho upepo unampiga. Tulipofika niliacha injini inawaka, nikafungua boneti mbele ya waombolezaji wote, nikapima. Kumi na nne nukta moja. Nikapima tena. Ileile.

Jioni tulirudi salama. Jumanne yake, hospitali na kurudi, nikapima injini ikiwa inanguruma: kumi na moja nukta tisa.

Nilikaa mezani na daftari langu. Nilipanga namba kama nilivyokuwa nikipanga matokeo ya darasa. Kwa fundi, kumi na nne, kila mara. Kibaha, kumi na nne. Upanga, hospitali, Kariakoo, haikufika hata kumi na mbili na nusu, mara zote. Nikajiuliza barabara ya Kibaha na kibanda cha Msimbazi vinafanana nini. Ilinichukua muda, kwa sababu akili yangu ilikuwa imechoka kama miguu. Kisha nikasikia ile kelele ya injini masikioni. Fundi hupima akiwa amekanyaga mafuta. Mimi kuelekea Kibaha nilikanyaga mafuta. Mjini naendesha kama mtu aliyebeba mayai, kwa sababu pembeni yangu yupo mgonjwa.

Kesho yake nilimpeleka daftari. Fundi alilisoma amesimama, midomo ikitembea, ukurasa baada ya ukurasa. Akavua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa tena.

"Mama, kosa langu," akasema. "Mimi napima na moto mkubwa. Altaneta ikizungushwa kwa kasi inajiamsha yenyewe. Ikizungushwa polepole haiamki. Sasa kitu kinachoiamsha ni nini?" Alikuwa anajiuliza mwenyewe. Akainama dirishani. "Hebu fungua switchi, usiwashe."

Nikazungusha ufunguo nusu. Kwenye dashibodi ikawaka taa ya oili, ikawaka ya breki ya mkono.

"Na ya chaji?"

"Ipi?"

"Nyekundu. Ina picha ya betri. Gari hili lazima liwe nayo."

Mume wangu akapiga dashibodi kwa kiganja. Hakuigonga kwa kidole kama siku zote, aliipiga mpaka vumbi likatoka.

"Taa!" akasema. "Taa! Taa! Taa!"

Fundi akamtazama, akanitazama mimi. "Mzee anajua," akasema polepole.

Alifungua skrubu nne, akaivuta ile sahani ya geji mbele, akaingiza vidole nyuma yake. Kila tundu lilikuwa na bulbu yake ndogo kama punje ya mahindi. Tundu moja lilikuwa tupu. Bulbu haikuungua, haikuwepo.

Akatueleza, na sasa alikuwa anaongea na mume wangu zaidi kuliko na mimi. Katika magari ya zamani ile taa si ya kukupa taarifa tu. Ukifungua switchi, umeme kidogo unatoka betri, unapita ndani ya bulbu ile, unakwenda kuiamsha altaneta. Bulbu isipokuwepo njia imekatika. Mume wangu alitikisa kichwa kukubali kila sentensi, taratibu, kama mkaguzi wa shule aliyekaa nyuma ya darasa.

"Kuna mtu aliitoa," fundi akasema.

Hapo ndipo nilipokumbuka, na nikaona haya pale pale juani. Kabla hajaugua, wiki chache tu, taa ile nyekundu ilikuwa inawaka na kuzima tukienda kanisani. Nilimsema. Nilimsema kwenda na kurudi. "Taa hiyo, baba. Tutaachwa njiani na nguo za kanisani. Taa hiyo huioni?" Jumapili moja haikuwaka tena. Nilimuuliza, akasema imepona. Tangu hapo, kila akiwasha gari alilingurumisha kwa nguvu kabla hatujaondoka, nikamsema na kwa hilo pia, kwamba anawaamsha watu.

Nilikwenda Kariakoo kutafuta bulbu, nimemwacha mume wangu kivulini, fundi na mama lishe wakimwangalia. Mtu akikwambia nenda Kariakoo utapata, anasema kweli, ila hakwambii utatembea kiasi gani. Nilipita maduka ya vipuri moja baada ya jingine, katikati ya mikokoteni na wabeba mizigo wanaopiga kelele za "Pisha! Pisha!" Kila mwuzaji alitazama ile bulbu ya mfano aliyonipa fundi akacheka. Mwishowe mwanamke mmoja, mwenye duka la jumla, akanisikia lafudhi akanisalimia kwa lugha ya nyumbani. Akanipa kitu kidogo kinachong'aa, cha kisasa, akasema hiki hakiungui maisha.

Nikarudi nacho Msimbazi. Fundi akakigeuza vidoleni, akatikisa kichwa.

"Hizi za kisasa hazipitishi umeme wa kutosha. Nataka ile ya waya ndani. Ya zamani."

Nilikaa kwenye benchi la mama lishe. Nikamwambia siwezi kurudi. Mama lishe akaniletea maji bila kuombwa. Nikayanywa yote, nikainuka, nikarudi.

Yule mwanamke wa duka hakucheka. Alipanda ngazi ya mbao, akashusha kopo la maziwa ya unga lililojaa takataka za marehemu baba yake aliyefungua duka hilo: skrubu, fyuzi, vipande vya waya. Akamwaga kwenye kaunta, tukachambua sisi wawili kama tunachagua mchele. Tulipata mbili. Alikataa nilipe. "Zimekaa hapa tangu mimi nikiwa shule," akasema. "Nani mwingine angezitaka?"

Fundi alipoiingiza bulbu na kufungua switchi, taa nyekundu ikawaka. Akawasha gari. Taa ikazima, kama inavyotakiwa. Hakukanyaga mafuta hata kidogo. Injini ilinguruma polepole kabisa, na mita ikasoma kumi na tatu nukta nane. Alipima mara tatu. Kisha akampa mume wangu mkono, wa kushoto kwa wa kushoto, akasema, "Nisamehe, mzee. Nilikuwa namuuliza mama, na mwenye gari amekaa hapa."

Yale maneno nilikwenda nayo nyumbani.

Jioni, baada ya chai, nilivuta kiti nikakaa mbele yake. Nikamwambia nitauliza, na yeye akiinua kidole gumba ni ndiyo.

"Bulbu uliitoa wewe?"

Kidole gumba juu.

"Kwa nini?"

Hilo halikuwa swali la kidole. Alifikiri. Akainua mkono akazungusha vidole hewani, kama mtu anayefungua kitu kidogo. Akakitia mfukoni hicho kitu. Kisha akaweka kidole kwenye midomo, shh, na akanielekezea mimi.

Ninyamaze. Aliitoa ili ninyamaze.

Akaanza kucheka, cheko la upande mmoja la tangu augue, mabega yakitikisika, nami nikacheka mpaka nikashika mbavu. Halafu kicheko changu kikageuka, sikuweza kukizuia. Miezi yote ile alikuwa akinieleza. Kwa neno moja sahihi alilokuwa nalo, tena mahali pake, tena akinionyesha kwa kidole, na mimi nilizunguka kwenda kutazama taa za mbele.

Nilifuta uso. Nikamuuliza mambo mengine, yoyote yaliyonijia. Uji una sukari nyingi? Kidole juu. Unataka redio iwe kituo kile kingine? Juu. Kile kiti cha mlangoni, kinakuumiza? Alikawia, labda kwa kunionea huruma. Juu. Nilikuwa nimemkalisha pale kila Jumanne na Ijumaa tangu mwezi wa tano. Tuliendelea mpaka akasinzia, nami nikabaki naandika kwenye lile daftari, ukurasa mpya.

Hatukuliuza gari. Maneno yake mengine yamerudi machache: "maji", "bado", na jina langu, ambalo hulitamka nusu. Mguu umepata nguvu kidogo, mkono bado. Bado "taa" ni kijiko siku nyingine. Siku hizi nauliza mara mbili kabla sijakata tamaa, si siku zote, maana zipo siku sina subira kabisa na huwa namjibu vibaya.

Jumanne ya kwanza baada ya matengenezo gari liliwaka mara moja. Jirani alikuwa ametoka nje na nyaya zake, akaduwaa. Nikampungia. Tulifika hospitali mapema kuliko kawaida, nikamkabidhi kwa watu wa mazoezi, nikaenda kukaa kwenye benchi la korido pamoja na wanawake wengine wanaosubiri waume, mama na watoto wao. Siku zote nilikuwa nakaa pale nawaza kama gari litawaka tukitoka. Siku hiyo sikuwa na la kuwaza. Niliegemeza kichwa ukutani.

Muuguzi alinigusa bega. "Mama, mzee amemaliza. Anakusubiri."

Nilifumbua macho, sikujua nipo wapi. Nikamwambia, "Mwambie anipe dakika tano," nikayafumba tena.